Nimeombwa kuwa mtaalamu mshauri wa kujitolea shuleni. Nijiandae vipi?

Kipimajoto aliuliza:

Habari zenu wakuu. Shule moja ya sekondari imeniomba nijitolee kama mtaalamu katika programu yao ya kuwasaidia wanafunzi kuchagua masomo na kazi. Fani yangu ni mnyororo baridi wa chanjo: maghala, majokofu, usafirishaji, kumbukumbu za jotoridi. Barua yao inasema "kuwashauri wanafunzi kuhusu taaluma", basi, haifafanui zaidi ya hapo. Wanafunzi wana umri wa miaka 14 hadi 17, darasa moja lina watu 40 hivi, na kipindi ni dakika 40.

Naomba mnaoujua upande huu mnieleweshe. Mwalimu wa ushauri nasaha yupo tayari, sasa kazi yangu inaanzia wapi na inaishia wapi? Nikubali saa ngapi kwa mwezi? Kipindi nikijaze na nini kisije kikawa hotuba? Na ni mambo gani huharibika mara kwa mara, niyajue kabla sijaingia?

---

Mwl_Mafiga alijibu:

Mkuu Kipimajoto, anza na hiyo barua. Maneno yake ni mapana mno, na humo ndimo watu wengi wa kujitolea hupotelea. Chini ya jina moja la "mtaalamu mshauri" kuna kazi mbili. Ya kwanza ni ya mtaalamu wa fani: anakuja darasani, au anawapokea wanafunzi kazini kwake, na kuwaonyesha kazi ilivyo. Ya pili ni ya mshauri wa shule yenyewe: anakaa na mkuu wa shule na mwalimu mratibu, anasaidia kupanga mwaka mzima, anawatafutia waajiri wengine, anakagua kama kila mwanafunzi amefikiwa. Kule England hii ya pili ina mfumo wake wa kitaifa tangu 2015, ambapo mtu kutoka kwenye kampuni au taasisi huunganishwa na uongozi wa shule moja. Waulize wanataka ipi kati ya hizo mbili. Wakisema zote, chukua ya kwanza kwa muhula mmoja kabla hujaigusa ya pili, maana huwezi kupanga programu ya shule usiyoijua.

Kuhusu mipaka, hoja ya Frank Parsons, aliyeanzisha ofisi ya ushauri wa kazi mjini Boston mwaka 1908, haijapitwa na wakati. Alisema uchaguzi wa kazi unahitaji mambo matatu. Yachukulie kama mafiga. Figa la kwanza ni mwanafunzi kujijua: anachopenda, anachokiweza, hali ya kwao. La pili ni kuijua kazi: masharti yake, njia za kuingia, malipo, uzuri na ugumu wake. La tatu ni kuyapima hayo mawili kwa pamoja.

Wewe umeitwa kwa ajili ya figa la pili. La kwanza na la tatu ni la mwanafunzi mwenyewe, mzazi au mlezi wake, na mwalimu wa ushauri nasaha. Mtaalamu anayemwambia mtoto aliyemwona dakika 40 kwamba "wewe unafaa uhandisi" ameshika figa lisilo lake. Na ubaya ni kwamba kwa sababu ana cheo, mtoto atamwamini kuliko mwalimu anayemfahamu kwa miaka mitatu.

Kwa hiyo ukiulizwa "nichukue masomo gani?", sema ukijuacho: "Kwa kazi hii vyuo hudai masomo haya, kwa ufaulu huu. Kama yanakufaa wewe, hilo kalizungumze na mwalimu wako na watu wa nyumbani." Kisha mtajie mwalimu jina la huyo mwanafunzi ili amfuatilie. Hapo umemsaidia kuliko kumtabiria.

Hojaji za kupima mwelekeo pia waachie waliofunzwa kuzitumia. Nyingi zimejengwa juu ya nadharia ya John Holland ya 1959, yenye aina sita za mwelekeo: wa vitendo, wa uchunguzi, wa kisanaa, wa kijamii, wa ujasiriamali na wa utaratibu. Zikitumiwa vizuri hufungua mazungumzo. Zikiletwa na mgeni asiyejua kuzitafsiri, mtoto huondoka na herufi tatu kichwani, za mielekeo yake mitatu iliyoongoza, akidhani amepewa hukumu.

Saa: nne kwa mwezi zinatosha. Moja ya kukaa na mwalimu, mbili za kutayarisha, na kipindi chenyewe na dakika za kabla na baada yake. Usiahidi kila wiki. Anayeahidi kila wiki huanza kukosa mwezi wa tatu, na darasa lililokungoja ukakosa linajifunza kwamba watu wa kazini hawaaminiki.

Mwisho, andikianeni ukurasa mmoja na shule. Uwe na jina la mwalimu mmoja unayewasiliana naye, idadi ya vipindi na tarehe, darasa gani, lengo la kila kipindi kwa sentensi moja, nani anabaki darasani nawe, utaratibu wa picha, na siku makubaliano yanapokwisha. Usisaini zaidi ya mwaka. Kurefusha ni rahisi, kujitoa katikati ni aibu kwa pande zote.

---

Bi_Ratiba alijibu:

Mwalimu Mafiga ameweka msingi. Mimi niingie kwenye dakika 40, maana fani yako, kaka Kipimajoto, ina hazina ambayo wenye fani nyingine wangeitamani.

Kipindi huwa hotuba pale mgeni anapoanza na historia yake: nilisoma wapi, nilifaulu vipi, nikafika hapa. Wanafunzi wanasikiliza kwa adabu na hawaondoki na kitu cha kutumia. Ianzishe kazi yenyewe. Leta tatizo dogo la kweli kutoka mezani kwako, lipunguze hadi ukurasa mmoja, wape walitatue.

Kwako wewe ni hivi. Chapisha kumbukumbu ya jotoridi ya jokofu moja la chanjo kwa wiki moja, kwa nyuzi za Selsiasi, usomaji wa asubuhi na wa jioni:

Jumatatu 4.5 na 5.0
Jumanne 4.0 na 5.5
Jumatano 5.0 na 9.5
Alhamisi 6.0 na 4.5
Ijumaa 3.0 na −1.5
Jumamosi wazi
Jumapili 4.0 na 4.5

Juu yake andika sentensi moja tu: "Jokofu hili linatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8." Chini andika maswali mawili: nini kimetokea, na nani apigiwe simu kwanza? Nakala kumi zinatosha, kundi la watu wanne kwa karatasi moja. Ukitoa nakala 40 kila mtu anainama na yake na hawazungumzi.

Karibu kila kundi litarukia 9.5, kwa kuwa ndiyo namba kubwa. Waache waitetee. Halafu uliza kuhusu −1.5. Wewe unajua kwamba chanjo zenye chumvi ya alumini, kama ya pepopunda na ya homa ya ini aina ya B, zikiganda zimeharibika na kuzirudisha kwenye joto sahihi hakuzitibu. Unajua pia kwamba lebo ya chupa inayobadilika rangi huonyesha joto lililojikusanya, lakini kuganda haikuonyeshi. Kwa hiyo jioni ya Jumatano lebo inaweza kukujibu, jioni ya Ijumaa inakaa kimya. Wanafunzi wakifika hapo hutawaomba tena wanyamaze.

Kisha ile Jumamosi. Hakuna aliyeandika. Jokofu lilikuwa salama? Hakuna anayeweza kusema. Hapo unawafundisha kwamba kuandika namba kila siku, kazi inayoonekana ndogo, ni kazi ya kitaalamu.

Sasa ndipo unapanua. Uliza: ili karatasi hii ijazwe na ieleweke, ni kazi ngapi zimehusika? Watataja muuguzi na daktari. Endelea kuvuta: mtunza ghala, fundi majokofu, mfamasia, dereva, mchambuzi wa takwimu, mtengenezaji wa vihisi joto, mwandishi wa programu inayotuma tahadhari kwenye simu, mkaguzi. Zipange ubaoni kwa muda wa mafunzo, kuanzia ya miezi hadi ya miaka. Mwanafunzi aliyekuja akidhani afya ni daktari na muuguzi anaondoka na milango kumi, mingine ambayo haihitaji chuo kikuu.

Mgawanyo: dakika 3 za kujitambulisha, 12 za makundi, 10 za kujadili majibu, 7 za kuvuta kazi ubaoni, 8 za maswali. Maswali mwombe mwalimu ayakusanye kwenye vikaratasi wiki moja kabla, bila majina. Darasa la watu 40 wenye kujiamini ni watano, na hao watano ndio watakaouliza kama hukukusanya mapema. Vikaratasi vitakuletea yale ambayo hakuna angeyasema kwa sauti: "Ukiwa na pumu unaweza kufanya kazi hii?", "Ukifeli hesabu inakuwaje?"

Jambo dogo kuhusu picha. Kiswahili kina bahati, "fundi" na "mhandisi" hayasemi mume wala mke. Lakini ukionyesha picha sita za mafundi majokofu na wote ni wanaume, picha imeshasema. Ziangalie kabla ya kuzibeba.

---

Mlango_Wazi alijibu:

Naongeza la usalama wa watoto, kwa sababu watu wema ndio hulipuuza kwa kudhani haliwahusu.

Usibaki na mwanafunzi mmoja chumbani mlango ukiwa umefungwa, hata dakika tano, hata kama yeye ndiye aliyeomba. Usitoe namba yako ya simu, usipokee yao, usijiunge na kundi lao la ujumbe. Swali la ziada lipite kwa mwalimu. Picha usipige kwa simu yako. Kama shule ina utaratibu wa kuwakagua watu wa kujitolea, kamilisha wote kabla ya siku ya kwanza, na kama hawana, waombe mwalimu awepo darasani mwanzo hadi mwisho. Anayepaswa kusimamia darasa ni mwalimu. Usikubali atoke akasahihishe madaftari kwa kuwa "mgeni yupo".

Inatokea mtoto akakuambia jambo zito la nyumbani au la shuleni, kwa kuwa wewe ni mtu wa nje. Usimwahidi siri. Usimhoji. Msikilize, mwambie wazi kwamba itabidi umweleze mtu anayeweza kusaidia, kisha siku hiyohiyo mkabidhi mhusika wa ulinzi wa watoto hapo shuleni maelezo kwa maneno ya mtoto mwenyewe, tarehe na saa. Jina la mhusika huyo liwe kwenye ule ukurasa wa makubaliano tangu mwanzo. Likitafutwa siku ya tukio, mnachelewa.

Ukifanya kipindi kwa video, masharti ni yaleyale: mwalimu yuko ndani ya chumba, kurekodi ni kwa ridhaa tu, na mtu mmoja darasani anasoma maswali kwa niaba ya wengine, maana kipaza sauti kimoja hakisikii safu ya nyuma.

---

Takwimu_Kazi alijibu:

Nakubaliana na wote, ila nina pingamizi moja kwa Bi Ratiba. Ameacha malipo nje, na malipo ni sehemu ya figa la pili. Mtoto asipoyasikia kwako atayasikia mtandaoni yakiwa yametiwa chumvi. Usiseme mshahara wako. Sema kiwango cha anayeanza, kwa masafa ya chini hadi juu, na useme umekitoa wapi na mwaka gani. Sema na zamu za usiku, wikendi, safari, mikataba ya muda. Kazi isemwe na uzito wake.

Njia za kuingia nazo zithibitishe upya kila mwaka. Kosa kubwa la mtaalamu mwenye uzoefu ni kuelekeza njia aliyopita yeye miaka 20 nyuma. Huenda kozi ile imefutwa, leseni imeongezwa, au sifa za kujiunga zimebadilika. Piga simu kwa walioajiriwa miaka miwili iliyopita, soma tangazo la kazi la mwezi huu, soma masharti ya chuo ya sasa. Andaa njia tatu kwa kila kazi utakayoitaja: ya shahada, ya ufundi au uanagenzi, na ya kuingia kwa kazi ya chini ukasoma ukiwa kazini. Kama moja haipo, sema haipo.

Kwa nini napigania upana? OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, ilichapisha mwaka 2020 uchambuzi wa data za 2018 za PISA, upimaji wake wa kimataifa wa vijana wa miaka 15. Katika nchi 41, asilimia 47 ya wavulana na 53 ya wasichana walitarajia kuwa katika moja ya kazi 10 tu watakapofika miaka 30. Sasa fungua mgawanyo wa kazi wa Shirika la Kazi Duniani, ule wa 2008: una makundi 436 ya kazi katika ngazi yake ya chini kabisa. Huwezi kutamani kazi usiyojua kwamba ipo.

Kuhusu kiasi, England wana vigezo vinane vya ushauri mzuri wa kazi shuleni, vilivyoandikwa na John Holman mwaka 2014. Kimojawapo kinataka kila mwanafunzi kuanzia miaka 11 akutane na mwajiri angalau mara moja kila mwaka, kwa namna yenye maana. Neno "kila" ndilo la kulitazama. Shule nyingi humpa mgeni wanafunzi 15 bora "wasikuaibishe". Kataa kwa upole. Wale 15 mara nyingi wana shangazi au mjomba wa kuwaeleza kazi. Omba darasa zima.

---

Bi_Ratiba alijibu:

Nakubali pingamizi, malipo yaingie. Ila yaingie baada ya karatasi, kwenye zile dakika 7 za ubaoni. Yakitangulia, darasa halisikii kingine.

---

Kipimajoto aliandika:

Nawashukuru sana. Nimeshawaandikia, wamejibu kwamba wanataka mtaalamu wa fani, madarasa mawili, vipindi vitatu kwa muhula. Wameongeza wazo la kuwaleta ghalani. Je, nikubali wote 80? Na nitajuaje kama imesaidia?

---

Mwl_Mafiga alijibu:

Sikubali 80 kwa siku moja, na ghala lako halitakubali pia. Kundi la watu 6 kwa mwongozaji mmoja ndilo linalosikia na kuona. Ukiwa na waongozaji wanne, ni watu 24 kwa safari. Panga vituo vinne, kimoja dakika 15, na dakika 5 za kuhama: mapokezi ya mzigo, chumba baridi, karakana ya majokofu, meza ya takwimu. Inakuja saa moja na dakika 20. Zaidi ya saa mbili wanachoka. Chumba baridi ondoa watu kabla hawajatetemeka, dakika 5 ndani na zilizobaki mlangoni. Vilevile kila kundi likifungua mlango joto linapanda, kwa hiyo mweleze msimamizi mapema, afuatilie kipimo. Hilo nalo ni somo: wape waangalie namba ikipanda.

Kabla ya siku, ziara iwe imeandikwa: barua ya mwajiri wako, orodha ya hatari na namna ya kuzikinga, viatu vilivyofunika vidole, ridhaa ya wazazi, bima ya nani inahusika. Magari ya kunyanyua mizigo yasimame wakati wa ziara. Na mwalimu awe na kipindi cha kuizungumzia ndani ya wiki moja, la sivyo inabaki kuwa matembezi.

Kupima: usiulize kama walifurahi. Watasema ndiyo, ni watoto wenye adabu. Kabla ya kipindi cha kwanza waandike kazi zote wanazozijua zinazohusika na chanjo, dakika 3, bila majina. Baada ya cha tatu waandike tena, na waongeze swali moja: "Kitu kimoja utakachokitafuta au mtu mmoja utakayemuuliza, ni nini au ni nani, na lini?" Hesabu kazi za mara ya kwanza na ya pili. Halafu baada ya wiki sita mwalimu aulize wangapi walifanya walichoandika. Hiyo namba ya mwisho ndiyo ya kuitegemea, hata ikiwa ndogo. Kama ni ndogo sana, mara nyingi sababu ni kwamba hatua waliyoandika ilikuwa kubwa mno, "nitakuwa mfamasia", badala ya "Ijumaa nitamuuliza mwalimu wa kemia masharti ya kozi ya ufamasia".

---

Kipimajoto aliandika:

Nimekuelewa mwalimu. Nitapanga 24 kwa safari, safari nne, ya mwisho wakiwa wachache. Karatasi ya jotoridi ninaiandaa leo. Nilifikiria kuweka rangi nyekundu kwenye 9.5 na −1.5 ili iwe rahisi kusoma.

---

Bi_Ratiba alijibu:

Hapana kaka, rangi iondoe. Ukishaipaka umeshawafanyia kazi. Na ile Jumamosi iache nafasi yake wazi kabisa, usiweke hata kistari.